Kamera Isiyo na Chenga: Usihesabu Megapikseli, Hesabu Mwanga

Nikiwa mwaka wa kwanza, bumu la pili lilipoingia nilifanya kosa ambalo wengi wetu tumelifanya: nilikwenda Kariakoo na hela mfukoni bila elimu kichwani. Nilitaka kamera. Mpango ulikuwa mzuri tu. Nipige picha za shughuli za chuo, yaani mahafali, midahalo na sherehe za mabweni, na kabla mwaka haujaisha kamera iwe imerudisha hela yake. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, unataka ya megapikseli ngapi?" Nikamjibu kama mtu anayejua, "Nyingi." Akanipa kamera ndogo ya kuingia mfukoni, megapikseli 20, zumu ya kuvuta mpaka mwezini. Nikalipa, nikatoka dukani nimenyoosha shingo.

Novemba ikaja, na mahafali. Dada mmoja aliyekuwa anahitimu akanipa kazi ya kumpiga picha jioni, kwenye chakula cha wahitimu ukumbini. Mama yake alikuwa amepanda basi kutoka Songea, mara yake ya kwanza kufika Dar es Salaam. Nikawapiga wakiwa wamesimama pamoja, mama na kitenge chake, binti na joho jeusi. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera picha ilikuwa safi kabisa. Akaichagua hiyo, akaomba nimsafishie kwa ukubwa wa A3, aitie fremu, mama akaitundike sebuleni.

Picha ilipotoka kwenye mashine nilitamani ardhi ipasuke. Joho lilikuwa limejaa vidoti vyekundu na vya kijani. Uso wa mama ulikuwa kama umenyunyiziwa mchanga. Chenga tupu. Nilirudisha hela yote, lakini hela haikuwa tatizo kubwa. Mama alikuwa amesharudi Songea, na jioni ile hairudiwi.

Nayaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, kila bumu likitoka naona wenzangu wanaelekea kule kule nilikopotea mimi. Pili, kamati yetu ya habari imetangaza kwamba inataka kununua kamera ya jarida kabla ya mahafali yajayo, na orodha iliyobandikwa ubaoni imepangwa kwa megapikseli: nyingi juu, chache chini. Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati. Mada ya mwanga nilishaifaulu vizuri tu kwenye mtihani, na bado nikapigwa dukani. Kwa hiyo nisomeni, msirudie.

Chenga zinatoka wapi?

Neno lenyewe tunalijua. Televisheni ikipoteza mawimbi tunasema inaonyesha chenga. Mchele wenye vipande vipande tunasema una chenga. Kwenye picha, chenga ni vidoti ambavyo havikuwepo kwenye kitu ulichokipiga. Viko vya aina mbili. Kuna vinavyocheza na mwanga tu, hivi hufanya picha ionekane ya kukwaruza kama msasa, na macho huvivumilia. Halafu kuna chenga za rangi, madoa mekundu, ya kijani na ya zambarau mahali panapotakiwa kuwa na rangi moja. Hizi ndizo zinazoharibu joho na ngozi ya mtu.

Ili kuelewa zinakotoka, tuingie ndani ya kamera. Nyuma ya lenzi kuna kipande cha silikoni kinachoitwa sensa. Najua kwetu neno hilo lina kazi nyingine. Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakituhesabu. Lakini ukifikiria vizuri, jina linafaa, kwa sababu sensa ya kamera nayo kazi yake ni kuhesabu. Ina vijumba mamilioni, ndizo pikseli, na kila kijumba kinahesabu chembe za mwanga, yaani fotoni, zilizoingia humo wakati shata iko wazi. Kijumba kilichopata nyingi kinaandikwa cheupe. Kilichopata chache kinaandikwa cheusi. Picha nzima ni jedwali la hesabu hizo.

Tatizo ni kwamba fotoni haziji kwa foleni kama sisi kwenye dirisha la kantini. Zinakuja kama matone ya mvua. Chukua vikombe kumi, viweke uani wakati wa manyunyu kwa dakika moja. Kimoja kitapata matone manane, kingine kumi na tatu, kingine kumi. Mvua ni ile ile, lakini hesabu zinatofautiana. Sasa weka mabeseni kumi kwa saa nzima. Matone yatakuwa mengi kiasi kwamba tofauti ya beseni moja na jingine hutaiona kwa macho. Chenga ni ile tofauti ya vikombe. Ukuta una rangi moja, mwanga unaoupiga ni mmoja, lakini vijumba vimerudisha hesabu tofauti kwa sababu kila kimoja kilipata matone machache.

Kanuni yake ni fupi. Kama kijumba kinatarajiwa kupata fotoni fulani, hesabu yake itayumba kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Fotoni 100 zinayumba kwa 10, ambayo ni asilimia 10. Hapo chenga zinaonekana. Fotoni 10,000 zinayumba kwa 100, ambayo ni asilimia 1 tu. Hapo picha ni laini kama maji ya mtungini. Kwa maneno mengine, ukiongeza mwanga mara nne, chenga zinapungua kwa nusu. Hii ni tabia ya mwanga wenyewe, na hakuna kamera ya bei yoyote inayoikwepa. Ni kweli kamera nayo inaongeza mikwaruzo yake ya umeme wakati wa kusoma vijumba, na sensa ikipata joto kwenye picha za shata ndefu vidoti vinaongezeka. Lakini kwa picha zetu za ukumbini usiku, mkosaji mkuu ni mmoja: mwanga haukutosha.

ISO haiongezi mwanga

Hapa ndipo wengi tunachanganyikiwa. Kamera ina namba za ISO: 100, 200, 400, 800, 1600, 3200, 6400 na kuendelea. Ukipandisha namba, picha inang'aa zaidi. Basi tunadhani tumeongeza mwanga. Wapi!

Fikiria redio ndogo ya betri, stesheni iko mbali. Mtangazaji hasikiki, unaongeza sauti. Sasa anasikika, lakini na ile mikwaruzo nayo imepanda pamoja naye. ISO ni kitufe cha sauti. Kinakuza hesabu ambayo tayari imeshafanyika, pamoja na kuyumba kwake. Kwa hiyo ukiona ISO 6400 kwenye picha yenye chenga, usiilaumu namba. Namba inakuambia tu kwamba mwanga ulioingia ulikuwa kidogo, ndiyo maana kamera ikalazimika kukuza sana.

Kuna mwenzangu aliposikia ISO kubwa ndiyo yenye chenga, akaifunga kwenye 100 muda wote. Picha zikawa zinatoka giza, anaenda kuzing'arisha kwenye kompyuta. Hiyo ni kuongeza sauti ukiwa umeshairekodi redio kwenye kaseti. Matokeo yanakuwa yale yale, na mara nyingi mabaya zaidi. Ukiwa gizani, pandisha ISO mpaka nyuso zionekane sawasawa, usiogope. Kitu cha kukitafuta kwa udi na uvumba ni njia ya kuingiza fotoni nyingi zaidi. Njia za kununua ni mbili: ukubwa wa sensa na upana wa tundu la lenzi.

Jambo la kwanza: ukubwa wa sensa

Hiki ndicho kipimo ambacho muuzaji hakutajii usipouliza. Kamera nyingi ndogo za mfukoni zina sensa inayoandikwa "inchi 1/2.3". Usidanganyike na neno inchi. Ukipima kwa rula ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko punje ya hindi. Eneo lake ni kama milimita 28 za mraba. Kuna kamera za mfukoni za daraja la juu zaidi zenye sensa inayoitwa ya inchi moja, milimita 13.2 kwa 8.8. Kamera za kubadilisha lenzi ambazo wanafunzi wengi huzipata zikiwa zimetumika zina sensa ya kundi linaloitwa APS-C, kama milimita 23 kwa 15 na ushee. Juu yake ipo fremu kamili, milimita 36 kwa 24, ukubwa ule ule wa picha moja ya filamu za zamani.

Sasa piga hesabu. APS-C ina eneo karibu mara 13 ya ile punje ya hindi. Kwa lenzi zenye tundu la namba moja na shata ya muda mmoja, ukipiga kitu kile kile kikajaa fremu kwa namna ile ile, APS-C inakusanya mwanga karibu mara 13. Kipeuo cha pili cha 13 ni kama 3.6, kwa hiyo chenga zinabaki chini ya theluthi moja. Fremu kamili inakusanya zaidi ya mara mbili ya APS-C. Beseni na kikombe, hakuna uchawi.

Je, megapikseli hazina kazi? Zina kazi, ila sio hii. Picha ya A4 iliyosafishwa vizuri kwa vidoti 300 kila inchi inahitaji kama megapikseli 9. A3 inahitaji kama 17 na nusu. Zaidi ya hapo unahitaji kama unakatakata picha au unatengeneza mabango. Na sensa ile ile ndogo ukiigawa vijumba vingi zaidi, kila kijumba kinapata matone machache zaidi. Ushahidi uko wazi hata kwa watengenezaji wenyewe. Nikon D3 ya mwaka 2007, iliyosifika kwa kupiga gizani, ilikuwa na megapikseli 12. Sony ilipotoa A7S mwaka 2014, kamera iliyolengwa hasa kwa mwanga hafifu, nayo iliiwekea megapikseli 12, na zote mbili ni za fremu kamili. Vijumba vichache, vipana.

Lakini niwe mkweli kwa pande zote. Ukiwa na sensa mbili za ukubwa mmoja, moja ya megapikseli 12 na nyingine 24, ukizisafisha picha zote kwa ukubwa mmoja wa karatasi, chenga hukaribiana sana, kwa sababu vijumba vidogo vinachanganywa pamoja. Hili nililiona kwa ile picha ya mama. Nilipoisafisha upya kwa ukubwa wa postikadi badala ya A3, chenga zilijificha, na yule dada akaikubali. Kwa hiyo megapikseli nyingi sio dhambi. Dhambi ni kuzilipia huku umesahau kuuliza zimejazwa kwenye eneo gani.

Jambo la pili: tundu la lenzi

Lenzi ni dirisha. Upana wa dirisha unaandikwa kwa herufi f na namba, mfano f/1.8, f/3.5, f/5.6. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Wanafunzi wangu wa mazoezi ya kufundisha walilikataa hili mpaka nilipowakumbusha sehemu: nusu ni kubwa kuliko robo ingawa 2 ni ndogo kuliko 4. Ni hivyo hivyo.

Kamera nyingi za kubadilisha lenzi huuzwa na lenzi ya 18-55, iliyoandikwa f/3.5-5.6. Maana yake ukivuta zumu mpaka mwisho, tundu linakuwa f/5.6. Lenzi isiyo na zumu ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hapo. Yaani picha ambayo ingehitaji ISO 6400 unaipiga kwa ISO 640 hivi, ukiwa na kamera ile ile na shata ile ile. Hakuna kamera mpya itakayokupa faida hiyo kwa hela ya lenzi moja ndogo.

Mifano ipo na inapatikana ikiwa imetumika: Canon wana EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, Nikon wana AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009. Kumbuka mambo mawili. Kwenye kamera ya APS-C, lenzi ya milimita 50 inavuta karibu sana. Inafaa kwa uso wa mzungumzaji jukwaani, lakini chumbani bwenini utagonga ukuta kwa mgongo kabla watu wanne hawajaenea. Ya 35 inafaa zaidi kwa kazi zote. Pili, angalia herufi. Kamera za Nikon za daraja la mwanzo, kama D3200, hazina mota ya kufokasi ndani ya kamera. Ukinunua lenzi ya zamani iliyoandikwa AF bila ile S, itaingia vizuri, lakini utafokasi kwa mkono. Kuna watu wamerudisha lenzi dukani wakidhani mbovu, kumbe ni herufi moja tu.

Na tundu pana lina gharama yake. Kwa f/1.8 kina cha picha kinachoonekana vizuri ni kifupi. Ukipiga kundi la safu tatu, safu ya mbele itakuwa safi na ya nyuma itakuwa ukungu. Kwa makundi funga mpaka f/4 au f/5.6 na uwasogeze watu penye mwanga.

Jambo la tatu: umri wa sensa

Teknolojia imesaidia kupunguza ile mikwaruzo ya umeme ya kamera yenyewe. Kwa hiyo kati ya kamera mbili zenye sensa sawa, ya karibuni kwa kawaida ni bora. Lakini umri haushindi ukubwa. Kamera ya APS-C ya mwaka 2012 kama Nikon D3200, au Sony a6000 ya mwaka 2014, au Canon 200D ya mwaka 2017, ikiwa na lenzi ya f/1.8, itaiacha mbali kamera mpya ya mfukoni yenye sensa ya punje ya hindi. Usiogope neno "yutumika". Ogopa neno "mpya" lililobandikwa juu ya sensa ndogo.

Na simu je? Swali la haki. Simu za siku hizi za daraja la juu hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuzichanganya ziwe moja, na kuchanganya ni kama kuacha kikombe kwenye mvua kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtu aliyetulia zinafanya vizuri, pengine kuliko ile kamera yangu ya kwanza. Mtu akicheza au akipunga mkono, picha zile haziendani, simu inalazimika kutumia chache, na chenga zinarudi au nyuso zinalainishwa mpaka zinakuwa kama nta. Kama unayo simu nzuri na picha zako zinaishia WhatsApp, usinunue kamera. Nasema kweli, kanunue vitabu.

Ngozi zetu, majoho yetu

Jambo hili sikulisikia dukani hata siku moja, na kwetu ndilo muhimu kuliko yote. Chenga zinakaa kwenye giza, kwa sababu giza maana yake ni fotoni chache. Sasa angalia tunachopiga: nyuso nyeusi, majoho meusi, ukuta mweupe nyuma na taa za jukwaani. Kamera ikiachiwa kuamua yenyewe inapima eneo lote, inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ukuta unatoka vizuri, mama anatoka giza. Halafu unakuja kumng'arisha kwenye kompyuta, na chenga zote zilizokuwa zimejificha usoni zinajitokeza.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kiweke +0.7 au +1, uruhusu ukuta uwe mweupe kupita kiasi ili uso upate fotoni zake. Nani anatundika ukuta sebuleni? Pia piga faili la RAW kama kamera inalo. Picha za JPEG kamera inazilainisha yenyewe ili kuficha chenga, na ikilainisha inafuta pamoja na nywele, nyuzi za kitenge na makunyanzi ya bibi. RAW inakuachia uamuzi huo ufanye mwenyewe baadaye, kwa kiasi.

Na kabla ya kununua chochote, hamisha watu. Kumtoa mtu kona ya ukumbi na kumweka karibu na taa kunaweza kumwongezea mwanga mara nne bila senti tano. Kama una flashi ya kugeuza, ielekeze kwenye dari nyeupe badala ya usoni. Na usishushe shata chini ya 1/60 ya sekunde kwa mtu anayeongea, hata kama kamera ina kizuia-mtikisiko. Kifaa hicho kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayepigwa picha.

Ukifika dukani

Nenda na memori kadi yako na, ukiweza, kompyuta ya mshikaji. Usikubali mifano inayotumwa kwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inabana picha mpaka chenga na ubora vyote vinapotea. Usiamini kioo cha nyuma. Mimi kioo ndicho kilichonimaliza, maana picha ikiwa ndogo kila kitu ni safi.

Muulize muuzaji kwa heshima tu: "Bosi, sensa yake ni ya ukubwa gani?" Akikujibu megapikseli, hajakujibu. Soma jina la kamera, tafuta vipimo vyake kwenye simu yako palepale.

Zima ISO ya kujiendesha. Piga kitu kimoja, tuseme kitambaa cheusi chini ya meza na uso wa rafiki yako ndani ya duka mbali na mlango, kwa ISO 1600, 3200 na 6400. Kamera zote unazolinganisha zipige kitu hicho hicho, kwa ISO na shata zile zile. Fungua kwenye kompyuta, kuza mpaka pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya kioo, kisha angalia kitambaa, nywele na chini ya kidevu. Madoa ya rangi yakianza, hiyo ndiyo ISO yako ya mwisho na kamera hiyo.

Kwa kamera iliyotumika ongeza jaribio moja. Funga kifuniko cha lenzi, piga picha ya sekunde kadhaa kwa ISO 1600. Inatakiwa itoke nyeusi. Vidoti viwili vitatu vinavyong'aa ni kawaida. Mistari inayokatiza picha nzima ni dalili ya ugonjwa, rudisha kamera mezani na ushukuru.

Kwa kamati

Ndugu zangu wa kamati ya habari, hela mnayotaka kuitumia ni ya michango yetu, na mahafali yakipita yamepita. Ombi langu ni dogo. Ifuteni ile safu ya megapikseli iwe ya mwisho. Safu ya kwanza iwe eneo la sensa, ya pili iwe namba ya f ya lenzi, ya tatu mwaka wa kutoka. Gawanyeni bajeti: mwili wa APS-C uliotumika, na hela iliyobaki iende kwenye lenzi ya f/1.8, badala ya kuimaliza yote kwenye mwili mpya wenye lenzi ya dirisha dogo. Kisha mpelekeni mtu mmoja ukumbini saa moja usiku, taa zikiwa zile zile za siku ya chakula, apige joho jeusi na uso wa mtu, asafishe A3 moja kabla hamjalipa. Karatasi moja ya A3 ni hela kidogo sana ukilinganisha na niliyoirudisha mimi.

Ile ya mfukoni niliiuza, nikaongeza hela ya kazi za likizo, nikapata D3200 iliyotumika, na miezi kadhaa baadaye lenzi yake ya 35. Kama kamati itahitaji kamera ya kulinganishia kwenye jaribio hilo, nitakuja nayo. Kitambaa cheusi ninacho.